Mlio wa kiunoni: mama, mkwewe na lango la ukaguzi

Kisa hiki ni cha kufundishia. Tumekijenga kwa mambo yanayojirudia kwenye malango ya ukaguzi wa abiria, tukayakusanya katika asubuhi moja ya abiria mmoja wa Tanga ili kila hatua ionekane peke yake. Hakuna uwanja wala kampuni inayotuhumiwa. Hata hivyo, mtu wa pwani aliyewahi kumsindikiza mama yake kupanda ndege atamtambua huyu mama.

Ana miaka 61, mkazi wa Ngamiani. Anakwenda Dar es Salaam kwa binti yake aliyejifungua, na aliyekuja kumchukua ni mkwewe, mume wa huyo binti. Wanasafiri pamoja kwa ndege ndogo ya propela moja. Mama amevaa dera, juu yake baibui, mtandio umebanwa kwa pini mbili. Mikononi ana bangili nne. Kiunoni, chini ya nguo zote, ana nyuzi tatu za shanga: nyingi ni za kioo, zimepishanishwa na za shaba, na kwenye uzi wa juu kuna kijaluba cha fedha kisichozidi kidole gumba. Ndani yake mna hirizi aliyovalishwa na marehemu mama yake. Shanga hizo hazina kifungo. Zimepigwa fundo, na kuzivua ni kukata uzi.

Zamu ya asubuhi hiyo ina wakaguzi watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Abiria wa ndege hiyo ni kumi na moja. Dakika chache kabla mama hajafika langoni, mkaguzi wa kike ameitwa kusaidia kaunta ya kupokelea mizigo.

Mama anapita, lango linalia. Anaambiwa avue bangili, anazivua, anapita tena, linalia tena. Taa za pembeni zinawaka usawa wa kiuno. Mkaguzi wa kiume anachukua kifaa cha mkononi cha kugundua metali, anakipitisha juu ya baibui, kinalia mbele na ubavuni.

“Mama, una nini kiunoni?”

Mama kimya. Nyuma yake hatua mbili amesimama mkwewe, na nyuma ya mkwe foleni nzima.

“Mama, nakuuliza wewe. Hapo kiunoni pana nini?”

“Si kitu, mwanangu. Ni vitu vyangu vya mwilini.”

“Vitu gani? Vitaje.”

Hakuvitaja. Kimya chake kikaonekana ni cha mtu anayeficha. Mkoba wake ukafunguliwa juu ya meza mbele ya wote: kopo la halua, chupa ya samli, leso mpya za mzazi, pakiti tatu za dawa. Mkaguzi akainua pakiti moja, akasoma lebo kwa sauti, akauliza inatibu nini. Mkwe akajibu kwa niaba yake kuwa mama ana presha, lakini pakiti ile haikuwa ya presha, na yeye hakuwahi kuijua. Kisha mama akaambiwa afungue simu. Akaifungua. Mkaguzi akapitisha kidole kwenye picha, zikiwamo za ngoma ya wanawake iliyochezwa ndani, wenyewe wakiwa vichwa wazi na kanga moja moja, picha ambazo hata waume wa wanawake hao hawazioni.

Ndipo mkaguzi wa kike akarudi. “Shikamoo mama. Njoo huku na mimi.” Akampeleka nyuma ya pazia, akaona shanga, akakigusa kijaluba, akapapasa kwa mgongo wa mkono kuuzunguka mkanda wa nguo, akamaliza. Haikufika dakika mbili. Tangu mlio wa kwanza zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Ndege iliondoka kwa wakati, na mama hakumtazama mkwewe mpaka wakatua.

Watu wengi wakisikia kisa cha namna hii hugawanyika papo hapo. Wengine husema usalama kwanza, aliyetaka kuficha shanga angepanda basi. Wengine husema mama mtu mzima hapekuliwi. Pande zote mbili zinaruka swali lenyewe. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi, kisha inaiachia sheria iweke utaratibu kuhusu mambo matatu: hali, namna na kiasi ambacho faragha hiyo yaweza kuingiliwa. Maneno hayo matatu yanatosha kukipima kisa hiki. Hali ilikuwapo, namna iliharibika, na kiasi kilivukwa.

Tuanze na hali, maana hapa mama hana hoja na yeye mwenyewe asingedai kuwa nayo. Mkataba wa Chicago wa 1944 ndio msingi wa usafiri wa anga duniani, na Kiambatisho chake cha 17, kilichopitishwa mwaka 1974, kinahusu usalama dhidi ya uhalifu. Nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, zinatakiwa kuhakikisha abiria na mizigo yao ya mkononi wanakaguliwa kabla ya kuingia kwenye ndege. Asiyekubali kukaguliwa hapandi. Udogo wa ndege haupunguzi sababu, na pengine unaiongeza: kwenye Cessna Caravan, ndege ndogo ya propela moja, na ndugu zake, mara nyingi hakuna mlango kati ya rubani na abiria, na anayekaa kiti cha mbele anaweza kumgusa rubani begani. Kisu kimoja ndani ya ndege hiyo ni balaa kubwa kuliko kisu hicho hicho kwenye ndege kubwa yenye mlango ulioimarishwa wa chumba cha rubani.

Wala kiuno hakiwezi kusamehewa. Tarehe 25 Desemba 2009 abiria mmoja wa ndege iliyotoka Amsterdam kwenda Detroit alijaribu kulipua baruti iliyoshonewa kwenye chupi yake. Mahali pale ndipo wakaguzi huona haya kupapasa. Baruti yenyewe haikuwa metali, kwa hiyo lango la kugundua metali lisingeiona. Anayesema “sehemu hizo zisiguswe kamwe” anamwonyesha mwovu pa kuweka mzigo wake.

Lakini lazima tujue mlio wenyewe unasema nini. Ndani ya nguzo za lango mna koili za waya. Zinatoa mapigo mafupi ya sumaku, mara nyingi kwa kila sekunde. Pigo likikutana na metali huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, mkondo huo hurudisha sumaku yake, na lango huinasa. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri kuliko metali nyingine zote, ndiyo maana kijaluba kidogo na punje za shaba zilizozunguka kiuno kizima ziliamsha taa mara moja. Bamba la titani lililofungwa mfupani baada ya ajali ya bodaboda, japo ni kubwa zaidi, wakati mwingine hupita kimya. Ukubwa wa mlio haulingani na ukubwa wa hatari.

Lango hulia pia bila abiria kuwa na chochote. Meza ya chuma ikisogezwa karibu, redio ya upepo ya mkaguzi, toroli likipita, sakafu inayotikisika, umeme unaopanda na kushuka, vyote huliamsha. Na malango mengi yana mpangilio wa kuteua watu kwa bahati nasibu: kati ya wanaopita safi, asilimia fulani hulizwa makusudi ili wapekuliwe kwa mkono, mtu asijue zamu itamwangukia nani. Kwa hiyo mlio si tuhuma. Ni swali, tena swali moja tu: pana metali gani usawa huu? Likishajibiwa, mlio umekwisha kazi.

Hapo hapo kuna kosa dogo la kiufundi lililofungulia mengine. Mama hakuambiwa avue bangili kabla ya kupita mara ya kwanza. Kazi ya kuwaandaa abiria ni ya mkaguzi anayesimama mbele ya lango: bangili, saa, mkanda, sarafu, funguo, simu, vyote kwenye trei mapema. Akiiruka, mlio wa kwanza haumwambii mtu chochote, na mlio wa pili tayari unaonekana kama kosa la abiria. Lango linatakiwa kupimwa mwanzoni mwa kila zamu kwa kipande cha majaribio kinachofungwa mwilini mwa mtu anayepita, nalo abiria hulipita kwa mwendo wa kawaida, bila kugusa nguzo. Baada ya mlio wa pili, kumrudisha mara ya tatu na ya nne hakuna faida yoyote zaidi ya kumfanya awe tamasha.

Tufike kwenye namna, maana hapa ndipo mama alipoumia.

Swali “una nini kiunoni?” lina jibu la neno moja, na neno hilo mama asingeweza kulitamka pale hata kwa kulipwa. Shanga za kiunoni pwani ya Tanga si pambo la kuonyesha. Mwali hufundishwa habari zake na somo wake, mlango umefungwa. Zinajulikana na mwenye nazo na mumewe, basi. Kuzitaja mbele ya wanaume wageni ni aibu. Kuzitaja mbele ya mkwe ni jambo lisilo na jina. Mkwe ni mtu ambaye mama huyu hujifunika zaidi akimwona, humwachia njia, huchagua maneno akisema naye. Mkaguzi alimtaka achague kati ya kuvunja heshima hiyo na kuonekana mhalifu, naye akachagua kuonekana mhalifu. Wengi wa rika lake wangefanya vivyo hivyo.

Mkaguzi hakuwa mkorofi. Tunataka hilo lieleweke. Alikuwa na foleni, hakuwa na mwenzake wa kike, na alifundishwa kwamba anayekawia kujibu atiliwe mashaka. Lakini kimya ni alama dhaifu sana ya hatia mahali ambapo swali lenyewe ndilo linalomfunga mtu mdomo. Mtu mwenye bamba la mfupa atasema haraka. Mwenye mfuko wa haja uliobandikwa tumboni baada ya upasuaji hatasema. Aliyevaa nepi ya watu wazima hatasema. Aliyekatwa titi akavaa la bandia hatasema. Wote hao hukawia, na wote hawana lolote la kuidhuru ndege.

Badala ya kuuliza ni nini, mkaguzi angeweza kueleza kitakachofuata: “Mama, lango limelia usawa huu. Ni kawaida. Mwenzangu wa kike atakukagua faraghani, keti hapa kidogo.” Hakuna swali hapo la kujibiwa hadharani. Mkono unaelekeza, haumgusi. Sauti inatosha kumfikia yeye peke yake. Sentensi hizo hazifiki sekunde kumi, na hazipunguzi usalama hata chembe, maana atapekuliwa tu.

Kifaa cha mkononi nacho kina adabu yake. Kinapitishwa sentimita mbili au tatu juu ya nguo bila kugusa, na kinachokisema ni kile kile kilichosemwa na lango, ila kwa eneo dogo zaidi. Mikononi mwa mwanamume, juu ya kiuno cha mwanamke, mbele ya watu, hakikuongeza habari ambayo taa za lango hazijaitoa. Sheria zetu za jinai zinataka mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake kwa staha. Ukaguzi wa uwanjani ni jambo jepesi kuliko upekuzi wa mtuhumiwa. Haiwezekani abiria asiyetuhumiwa lolote apate staha pungufu ya ile ya mtuhumiwa.

Upekuzi sahihi wa kisa hiki tunaujua, kwa sababu yule mkaguzi wa kike aliufanya mwishoni. Alisalimia. Salamu si mapambo, inampa mama nafasi ya kujibu “marahaba” na kurudi kuwa mama. Angeongeza mawili. Kwanza, kueleza kabla ya kugusa: nitapapasa hapa na hapa, sehemu za haya nitatumia mgongo wa mkono, pana mahali panapouma? Pili, kuwa na shahidi wa kike. Shahidi humlinda abiria, na humlinda mkaguzi pia dhidi ya madai yasiyo ya kweli. Glavu huvaliwa mpya, mbele ya abiria, maana glavu iliyotoka kwenye soli za viatu vya wenzake haistahili kufika mwilini mwake.

Na kijaluba? Wakaguzi hubishana kama kifunguliwe. Hapana haja. Wanachotafuta ni silaha, wembe au kilipuzi. Kitu kisichozidi kidole gumba, kilichofungwa kwa ulehemu, hutazamwa, hupimwa kwa vidole, na uzi huinuliwa kidogo kuona hakuna kilichofichwa nyuma yake. Palipo na mashine ya kunusa vilipuzi, kijaluba hufutwa kwa kitambaa maalumu na kitambaa kikaingizwa mashineni. Jibu hutoka kwa sekunde chache. Mashine hiyo nayo hukosea. Mafuta ya kujipaka yenye gliserini huweza kuisumbua, dawa ya moyo ya naitrogliserini huisumbua, na mkulima wa Muheza aliyeshika mbolea ya naitreti jana anaweza kuiliza leo. Ikilia, mtu hurudiwa, haambiwi gaidi. Kukata uzi kungehitajika pale tu ambapo kitu hakiwezi kutambulika kwa njia yoyote nyingine, na hapo uamuzi ni wa kiongozi wa zamu.

Mtandio unafuata hesabu hiyo hiyo. Pini mbili hazikuliza lango la mama huyu, lakini zikiliza, haulazimiki kuvuliwa mbele ya watu. Marekani, kwa mfano, abiria anaweza kuruhusiwa kujipapasa mwenyewe juu ya kilemba au mtandio, kisha mikono yake ikafutwa na kupimwa kwa mashine ya vilipuzi. Njia hiyo inategemea mashine. Pasipo mashine inabaki chumba na mkaguzi wa kike.

Kwa chumba tuna maneno mengi, kwa kuwa ndicho kinachokosekana mara nyingi, na si kwa sababu ya gharama. Mita moja na nusu kwa mbili zinatosha. Pazia liwe zito, lifike chini, lipite juu ya kichwa cha mtu mrefu, na lisiwe mbele ya dirisha linalopitisha mwanga kwa nyuma, la sivyo kivuli cha mtu kinaonekana nje kama kwenye karatasi. Kamera isiwemo ndani. Iliyopo nje ielekezwe mlangoni, ioneshe walioingia na waliotoka. Kiwepo kiti, kwa wenye magoti mabovu. Kiwepo kigoe cha kutundika baibui, maana baibui likiwekwa sakafuni umemdhalilisha mwenye nalo kwa jambo lisilokuwa na lazima. Trei yenye mali yake iingie naye. Abiria anayepekuliwa ndani huku mkoba wake umebaki kwenye mkanda wa mashine ya eksirei hapekuliwi kwa utulivu. Roho yake iko nje na pesa zake.

Marekani waliwahi kuonyesha jinsi namna inavyoweza kuharibu hata jambo lenye sababu. Baada ya jaribio la 2009 walieneza haraka mashine za kuangaza mwili mzima, na za mwanzo zilimpa mkaguzi umbo la abiria kana kwamba yu uchi. Kesi ikafunguliwa. Julai 2011 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema ukaguzi wenyewe haukiuki katiba yao, lakini mamlaka ilitakiwa kuwashirikisha wananchi kabla ya kuuweka, nayo haikufanya hivyo. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ukaruhusu tu zile mashine zisizotumia eksirei. Kufikia 2013 zile za eksirei zilizoonyesha umbo la mwili zilikuwa zimeondolewa kwenye viwanja vya Marekani, na zilizobaki huonyesha kikaragosi kimoja kwa watu wote, chenye kisanduku mahali panapotakiwa kukaguliwa. Hatari ilibaki ile ile na abiria wakaendelea kukaguliwa. Kilichobadilika ni anachokiona mkaguzi, na hicho ndicho watu walichokuwa wakikilalamikia.

Sasa kiasi. Je, mkoba ulifaa kufunguliwa? Ndiyo, ila kwa sababu nyingine kabisa. Mashine ya eksirei hupaka rangi vitu kulingana na asili yake: metali nzito bluu, vitu kama chakula, nguo na plastiki rangi ya chungwa, vya katikati kijani. Vilipuzi vingi huangukia kwenye chungwa, na halua, tende zilizoshindiliwa na samli nazo ni za chungwa, tena nzito. Kopo la halua kwenye skrini ni bonge lisilopenyeka vizuri. Mkaguzi asiyelifungua hajui kazi. Lakini anafungua kopo, anatazama, anafunga. Anachopekua ni kile alichokiona kwenye picha. Hapa mkoba ulifunguliwa kwa sababu ya kimya cha mama langoni, na ukapekuliwa mpaka chini, wakati picha ya mkoba haikuwa na swali lolote juu ya dawa.

Vidonge ndani ya pakiti zake si silaha. Jina la dawa linataja ugonjwa, na habari za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mtu anaweza kubishana kama kusoma lebo kwa sauti kunaingia ndani ya sheria hiyo moja kwa moja. Kwa mama huyu, mkwe tayari ameshajua. Ikiwa dawa ni ya maji na mkaguzi ana shaka nayo, aulize kwa sauti ya chini kama ni dawa, atazame lebo kwa macho, airudishe. Kwenye ndege ndogo kuna jambo la jirani yake: abiria hupimwa uzito pamoja na mizigo kwa ajili ya mizani ya ndege, na namba husomwa kwa sauti kutoka kaunta hadi kwa anayeandika. Kuigeuza mizani itazamane na mwandishi kunamaliza shida.

Simu ndiyo iliyovuka mpaka kabisa. Mkaguzi anaweza kutaka simu iwake. Tangu 2014 Marekani ilitaka hivyo kwa abiria wanaotoka baadhi ya viwanja, kwa hofu ya vifaa vilivyotolewa betri na kujazwa kilipuzi. Simu inayowaka ni simu. Hapo kioo kinawaka, namba ya siri bado imefungwa, na ukaguzi umekwisha. Kilichomo ndani hakilipuki. Picha, ujumbe na sauti za WhatsApp hazina jibu la swali lililoulizwa na lango. Upelelezi wa kosa ukihitaji simu, sheria ya makosa ya mtandao ya 2015 ina njia yake na wenye mamlaka yake, nao ni polisi. Abiria anaweza kusema kwa adabu: “Mwanangu, nimeiwasha, ndiyo hiyo inafanya kazi. Kuifungua siwezi mpaka niitiwe kiongozi wako.” Asiseme kwa hasira, na kamwe asifanye mzaha wa bomu. Neno hilo likitamkwa langoni, hata kwa kucheka, safari imekwisha na polisi wameitwa.

Tuzihesabu dakika, maana foleni ndiyo kisingizio cha kila siku. Kueleza, sekunde kumi. Kumpitisha mkwe kwanza akaketi ukumbi wa ndani, nusu dakika. Upekuzi faraghani, dakika moja na nusu. Kufungua kopo la halua, nusu dakika. Hazifiki tatu. Njia ya aibu ilichukua kumi na moja, na kwa muda wote huo macho ya wakaguzi wawili yalikuwa kwa mama mmoja huku watu wengine wakipita. Mtu mwenye nia mbaya angependa asubuhi kama hiyo.

Kosa la msingi liko kwenye orodha ya zamu. Mkaguzi wa kike ndiye nusu ya uwezo wa lango. Akiondoka, lango limebaki na uwezo wa kukagua wanaume tu, hata kama mashine zote zinawaka. Asitolewe kwenda kubandika lebo za mizigo. Ikilazimu atoke, abiria wa kike aliyelizwa na lango aketishwe kwenye kiti, mali yake mbele ya macho yake, mpaka mkaguzi huyo arudi. Kusubiri dakika tano umeketi si udhalilishaji.

Kwa abiria yapo ya kufanya kabla. Usiku wa safari, hesabu kila metali iliyo mwilini, mpaka waya wa sidiria na pini. Dawa zibaki kwenye pakiti zake, ndani ya kifuko kisichoonyesha, na nakala ya cheti cha daktari kwa mwenye bamba au kifaa cha moyo. Mwenye kifaa cha moyo aseme mapema, kile cha mkononi kisishikiliwe juu ya kifua chake. Mwenye pampu ya insulini asome maelekezo ya watengenezaji, kwani baadhi hukataza isipite kwenye eksirei. Anayesafiri na mkwe, shemeji au bosi wake amwache atangulie. Na ukifika langoni, kabla ya kupita, mtafute mkaguzi wa kike umnong’oneze: “Mwanangu, nina vitu vya mwilini vitakavyolia. Naomba unikague wewe, faraghani.” Huhitaji kuvitaja.

Likishatokea la kutokea, andika saa, namba ya safari, lango, na maneno yaliyosemwa, siku hiyo hiyo. Omba kuonana na kiongozi wa zamu kabla hujaondoka. Malalamiko ya maandishi yaende kwa uongozi wa uwanja, ukiomba picha za kamera za saa hiyo zihifadhiwe, maana kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya muda. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga kwa malalamiko ya huduma, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa habari za simu na dawa, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kwa utu uliovunjwa. Barua iwe ukurasa mmoja. Iombe jambo moja linalotekelezeka, kwa mfano mkaguzi wa kike asiondolewe langoni, kuliko kumi yasiyojibika.

Mama wa kisa chetu hakuandika barua. Barua ingemtaka ataje shanga, na ingesomwa na wanaume. Kabla ya kurudi Tanga, binti yake alimtungia nyuzi mpya za kioo kitupu kwa uzi wa pamba, na hirizi akaishonea kifuko cha kitambaa. Lango halikulia. Kijaluba cha fedha kimebaki Dar es Salaam, kwenye kabati la binti, kimefungwa ndani ya leso.